Kichupa cha Kifuniko cha Bluu: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Vipimo vya Kuganda kwa Damu

Tangu tuandike kuhusu upungufu wa damu, tumepokea barua nyingi zinazouliza juu ya damu inayokataa kuganda, na nyingine chache juu ya damu inayoganda pasipotakiwa. Tumechagua tano. Wengi wa walioandika walikuwa na karatasi ya majibu mkononi na walitaka kuelezwa namba zake, jambo ambalo tumejaribu kulifanya. Lakini msomaji ataona kwamba mara nyingi tunarudi kwenye mambo mawili ambayo karatasi haiyaonyeshi, yaani historia ya mgonjwa na namna damu yake ilivyochukuliwa.

Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka sita alitahiriwa wakati wa likizo, na jeraha likaendelea kutoka damu kwa siku tatu hata baada ya kushonwa mara mbili. Alipopimwa, karatasi ilionyesha chembe sahani 312,000, PT sekunde 12.8 na aPTT sekunde 78. Nimeambiwa damu yake haigandi, na kwamba arudi apimwe tena. Mama mkwe anasema ni mkosi wa upande wetu, kwa sababu kaka yangu alifariki akiwa mdogo baada ya kung'olewa jino. Kwa nini kipimo kirudiwe ikiwa jibu limeshapatikana? Na mdogo wake wa miaka miwili, je, naye atahiriwe? — Mama wa wavulana wawili, Tanga

Marahaba, na pole sana kwa siku tatu hizo. Nitaanza na maneno ya mama mkwe wako, kwa kuwa ndani yake mna habari yenye uzito kuliko namba zote ulizoandika. Mkosi haupo. Lakini kwamba mjomba wa mtoto alitokwa na damu hadi kufariki baada ya kung'olewa jino ni jambo ambalo ningetaka liandikwe kwa herufi kubwa juu ya fomu ya maabara, kwani ndilo linalomwonyesha mpimaji mahali pa kuanzia.

Damu husimama kwa hatua mbili. Kwanza chembe sahani hujikusanya na kuziba tundu la mshipa. Kisha protini za kugandisha damu, ambazo wataalamu huziita fakta na kuzihesabu kwa namba za Kirumi, huamshana moja baada ya nyingine mpaka zisuke wavu wa nyuzi unaoishikilia ile ziba. Chembe sahani za mwanao ziko za kutosha, maana kiwango cha kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja. PT na aPTT, vipimo vya sekunde ambazo utegili (maji ya damu) huchukua kuganda, hupima hatua ya pili, na ni kama milango miwili ya nyumba moja: kila mmoja una ukumbi wake mfupi, kisha kumbi zote mbili hukutana sebuleni. PT ya mwanao ni ya kawaida, kwa hiyo mlango huo uko wazi na sebule ni salama. Kizuizi kipo katika ukumbi wa aPTT peke yake, ambako maabara nyingi hutegemea sekunde 25 hadi 36 hivi, naye ana 78. Katika ukumbi huo wamo fakta VIII, IX, XI na XII. Mvulana anayetokwa damu namna hii, mwenye mjomba wa upande wa mama aliyefariki namna ile, hutufanya tufikirie kwanza fakta VIII, ambayo upungufu wake ndio himofilia A, na baada yake fakta IX, ambayo upungufu wake ni himofilia B.

Kwa nini basi arudi kupimwa? Kwa sababu ya kichupa. Damu ya vipimo hivi huwekwa katika kichupa chenye kifuniko cha bluu, ambacho ndani yake mna dawa ya maji iitwayo sitreti. Kazi ya sitreti ni kuifunga kalsiamu ili damu isigande njiani, na maabara huirudishia kalsiamu wakati wa kupima. Mpango huu hufaulu kwa kipimo kimoja tu: sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitreti. Kichupa cha kawaida cha watu wazima hupokea mililita 2.7 za damu juu ya mililita 0.3 za dawa, na ukitazama karatasi iliyobandikwa ubavuni utaona mstari mdogo. Mtoto anapolia na kurusha mkono, mshipa ukapotea, kichupa kikaishia nusu, dawa inakuwa nyingi kuliko damu iliyopo, na muda wa kuganda unarefuka kwa uongo. Kasoro nyingine pia hutokea: damu ikichelewa kuchanganywa na dawa, vibonge vidogo hujitengeneza na kuzitumia fakta zote kabla mashine haijaziona. Ndiyo maana kichupa hupinduliwa taratibu mara tatu au nne mara tu kinapojaa, wala hakitikiswi kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Nilipoanza kazi tulipima kwa mkono, na bado naamini kila mpimaji angepaswa kufanya hivyo walau kwa wiki moja. Unachukua utegili, yaani ile sehemu ya damu yenye rangi ya majani makavu inayobaki juu baada ya mashine kuizungusha na chembe kuzama. Unauweka katika mrija mwembamba ndani ya maji ya nyuzi joto 37, unaongeza kitendanishi, yaani dawa ya maabara ya kuamsha kuganda, unasubiri dakika chache, kisha unatia kalsiamu na kubonyeza saa ya kuhesabia. Kuanzia hapo unauinamisha mrija mbele ya taa, unaurudisha, unauinamisha tena. Sekunde ya ishirini ni maji, ya thelathini bado ni maji. Kisha ghafla kitu kama uzi wa utandabui kinapita ndani yake, na utegili unaacha kutiririka. Ukisubiri uzi huo hadi sekunde ya 78 huwezi tena kuiona namba hiyo kama wino tu kwenye karatasi.

Kipimo kikirudiwa kwa kichupa kilichojaa na jibu likawa lile lile, maabara itachanganya utegili wa mwanao na utegili wa mtu mzima kiafya, nusu kwa nusu. Muda ukirudi kuwa wa kawaida, maana yake kuna kitu kilichopungua na mchango wa yule mwingine umekifidia. Usiporudi, kuna kizuizi ndani ya damu yenyewe kinachoishambulia hata fakta ya mgeni. Baada ya hapo hupimwa kiasi cha fakta VIII na IX. Chini ya asilimia 1 ni himofilia kali, kati ya 1 na 5 ni ya wastani, na zaidi ya 5 hadi 40 ni nyepesi. Ikiwa mwanao aliongezewa damu au utegili wakati wa tukio lile, mweleze mpimaji tarehe yake, kwa kuwa fakta za mchangiaji huweza kukaa mwilini kwa siku kadhaa na kulipamba jibu.

Mdogo wake asitahiriwe kabla hajapimwa. Ikiwa wewe ni mbebaji wa jeni ya himofilia, yaani kichembe cha urithi chenye kasoro hiyo, kila mtoto wa kiume unayemzaa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata, na kila binti ana nafasi hiyo hiyo ya kuwa mbebaji kama wewe. Hilo si kosa la mtu. Karibu theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika familia ambazo hazijawahi kuwa na historia yoyote ya ugonjwa huu, kwa sababu badiliko la jeni hutokea upya. Nawe upimwe, kwani wabebaji wengine huwa na fakta kidogo na hutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua. Huduma ya himofilia ipo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na unaweza kuomba barua ya rufaa.

Wakati mnasubiri, mtoto asichomwe sindano za msuli wala asipewe aspirini, diklofenaki au ibuprofeni. Parasetamoli inafaa kwa maumivu. Chanjo haziachwi: mwambie muuguzi mapema, atumie sindano nyembamba, kisha pamba ikandamizwe dakika kumi bila kusuguliwa. Akijigonga kichwa, au kifundo kikivimba, mpeleke hospitali papo hapo na utaje neno himofilia mlangoni, hata kama majibu hayajatoka.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, umri miaka 21. Tangu nivunje ungo hedhi yangu huchukua siku tisa, na siku za mwanzo hubadilisha pedi kila saa. Utotoni nilikuwa natokwa damu puani. Mwaka huu nilipimwa, hemoglobini ikawa 7.9, lakini PT na aPTT zikawa za kawaida. Daktari alisema damu yangu inaganda vizuri na kwamba wanawake hutofautiana. Je, niridhike? — Msomaji wa kike, Nakuru

Usiridhike. Daktari wako amesema kweli kwamba PT na aPTT ni za kawaida, lakini amezipa kazi ambayo hazikuumbiwa. Vipimo hivyo havioni jinsi chembe sahani zinavyojishikiza kwenye ukuta wa mshipa uliojeruhiwa, na huko ndiko kulikojificha ugonjwa wa kurithi wa kutokwa damu unaowapata watu wengi zaidi duniani kuliko mwingine wowote, yaani ugonjwa wa von Willebrand.

Mwaka 1926 daktari wa Kifini, Erik von Willebrand, aliandika habari za familia moja ya visiwa vya Åland, katika Bahari ya Baltiki. Binti aliyeletwa kwake alikuwa na umri wa miaka mitano, na baadhi ya ndugu zake walikuwa wamekwisha kufa kwa kutokwa damu. Kilichomshangaza daktari huyo ndicho kilichokupata wewe: muda wa damu kuganda ndani ya mrija ulikuwa wa kawaida, huku jeraha dogo likiendelea kutoka damu kwa muda mrefu. Binti yule alifariki akiwa kijana mdogo, katika hedhi yake ya nne. Takriban karne moja baadaye bado wapo wasichana wanaoambiwa kwamba wanawake hutofautiana.

Omba upimwe vitu vitatu kwa pamoja: kiasi cha protini ya von Willebrand, nguvu ya utendaji wake, na fakta VIII, ambayo husafiri ikiwa imebebwa na protini hiyo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unakubali kuuita ugonjwa huo kwa jina lake pale kiasi kinapokuwa chini ya asilimia 30, na pia kati ya 30 na 50 ikiwa mtu ana historia ya kutokwa damu kama yako. Jibu la mara ya kwanza likiwa zuri bado usifunge faili, kwani protini hii hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mimba huipandisha, vivyo hivyo homa, hofu, mbio za kuwahi daladala, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Watu wa kundi la damu O huwa nayo pungufu kwa takriban robo wakilinganishwa na wengine. Kaa ukitulia nusu saa kabla ya kuchomwa, na uwe tayari kurudia siku nyingine.

Kuna tahadhari moja ya kumwambia mhudumu kwa adabu, hasa ikiwa sampuli itasafirishwa kwenda Nairobi au Eldoret: damu hii haiwekwi kwenye friji kabla ya kuzungushwa. Wengi hudhani baridi huhifadhi kila kitu, lakini damu nzima ikikaa kwenye ubaridi hupoteza protini ya von Willebrand pamoja na fakta VIII, na mtu mzima kabisa anaweza kupewa ugonjwa asiokuwa nao. Hukaa katika joto la kawaida la chumba, utegili ukatenganishwa ndani ya saa nne, na ni utegili tu unaogandishwa kwa safari. Ikiwezekana, nenda ukachomwe huko huko. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, zina kliniki za wagonjwa wa aina hii. Na hiyo hemoglobini ya 7.9, ambayo ni upungufu wa damu, isisubiri jibu lolote. Anza matibabu ya madini ya chuma sasa.

Je, nifunge kula kabla ya kipimo cha kuganda kwa damu? — Mzee wa Morogoro

La, mzee wangu, hakuna haja. Epuka tu mlo wenye mafuta mengi saa chache kabla, kwa sababu utegili huwa mweupe kama maziwa, na mashine zinazotumia mwanga kuutambua uzi wa kuganda hushindwa kuona. Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba. Aspirini huzima chembe sahani kwa uhai wake wote, ambao ni siku saba hadi kumi, lakini ikiwa uliandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache kwa hiari yako.

Nina miaka 38. Miezi miwili iliyopita nilipata bonge la damu kwenye mguu baada ya upasuaji wa goti, na sasa natumia warfarini. Ndugu yangu aliyeko ng'ambo ananishauri nipime vipimo vyote vya kurithi mara moja, na yuko tayari kunilipia. Nivifanye? — Msomaji wa kiume, Mombasa

Mshukuru ndugu yako, na umwombe aziweke hizo pesa kwanza. Karibu nusu ya orodha hiyo itakudanganya ukiipima leo. Warfarini hufanya kazi kwa kuzuia matumizi ya vitamini K, na protini C na S, ambazo kazi yake ni kuizuia damu isigande kupita kiasi, hutegemea vitamini hiyo hiyo. Ukizipima wakati unameza dawa utazikuta chini, utaambiwa una upungufu wa kurithi, na watoto wako watabebeshwa hofu ambayo haikuwa yao. Bonge lenyewe likiwa bichi huzipunguza pia, pamoja na antithrombini, protini nyingine yenye kazi kama hiyo. Vipimo hivyo hufanywa matibabu yakishakwisha na wiki kadhaa zikapita, na daktari ndiye anayeamua lini. Badiliko la jeni liitwalo fakta V Leiden halijali dawa, kwa kuwa hutazamwa kwenye jeni moja kwa moja. Lakini lilipogunduliwa mwaka 1994 huko Leiden, Uholanzi, ilikuwa kwa Wazungu, na miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika ni nadra.

Zaidi ya hayo, bonge lako lina sababu inayojulikana. Upasuaji wa goti na kulala kitandani vinatosha kabisa kulieleza, na katika hali kama yako vipimo vya kurithi mara nyingi havibadilishi tiba hata kidogo. Ningefikiri tofauti kama lingetokea bila sababu, au kama mgonjwa angekuwa mwanamke aliyepoteza mimba kadhaa. Hapo ningetafuta kingamwili za fosfolipidi, ambazo zina kioja chao, kwa kuwa ndani ya mrija huchelewesha aPTT huku ndani ya mwili zikisababisha mabonge. Hizo nazo hazithibitishwi kwa kipimo kimoja, hurudiwa baada ya wiki 12.

Kipimo unachokihitaji ni INR, ambayo ni PT ile ile iliyosawazishwa ili jibu la Mombasa lilingane na la Kisumu au London. Kwa bonge la mguu hulengwa kati ya 2 na 3. Mchicha na sukuma wiki havikatazwi, mradi ule kiasi kile kile wiki hadi wiki. Na mtu akikupima D-dimer, yaani mabaki ya bonge linalovunjika, elewa kwamba faida yake kubwa ni pale inapokuwa chini, kwani husaidia kuondoa shaka ya bonge. Ikiwa juu inaweza kuwa malaria, mimba, uzee, au goti lako lililopasuliwa.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Dodoma. Hatuna mashine ya PT wala aPTT. Msimu wa kilimo tunapokea watu walioumwa na nyoka, na nimesikia kwamba kipo kipimo cha dakika 20 kwa mrija wa kioo. Nilikijaribu kwa mrija wa plastiki, damu haikuganda, nikampa mgonjwa rufaa ya haraka. Huko wakaniambia damu yake haina tatizo. Nilikosea wapi? — Tabibu wa kijijini

Ulikosea kwenye plastiki tu, na rufaa haikuwa kosa. Fakta XII, ambayo huuanzisha mfululizo wa kuganda ndani ya mrija, huamshwa na uso wa kioo. Plastiki haiamshi ipasavyo, kwa hiyo damu nzima kiafya inaweza kubaki majimaji. Mrija wa kioo uliooshwa kwa sabuni una kasoro hiyo hiyo. Tafuta mirija mipya ya kioo, mikavu, na uiweke mbali na watu wa usafi.

Chukua mililita 2 za damu ya mshipa, tia ndani ya mrija, uusimamishe mahali ambapo hapana mtu wa kuugusa, na utazame saa. Usiutikise wala kuuinamisha kila dakika kwa shauku. Zikifika dakika 20, uinamishe mara moja. Bonge likishikilia kitako cha mrija, damu imeganda. Ikimwagika kama maji, sumu imekwisha kuzimaliza fakta, na mgonjwa anahitaji dawa ya kuzuia sumu mapema iwezekanavyo. Fanya hivyo hivyo, kwa wakati ule ule, kwa damu ya ndugu aliyemsindikiza. Mrija wa ndugu ukikataa kuganda, lawama ni ya mrija.

Lakini damu iliyoganda vizuri isikulaze usingizi. Koboko hushambulia neva, na mgonjwa wake anaweza kuwa na bonge zuri kabisa kwenye mrija huku kope zikimlegea na pumzi ikimwishia. Nyoka wa mitini aitwaye boomslang naye huchelewa: mtu huweza kuonekana mzima kwa saa nyingi kabla ufizi haujaanza kuvuja. Kwa hiyo rudia kipimo hata kama cha kwanza kilikuwa salama, mwache mgonjwa akae chini ya uangalizi kwa saa 24, na utumie mkono mmoja tu kuchukulia damu, ukikandamiza kila tundu kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea.